Mabango ya Jenista kwenye foleni ya malori

Wifi yangu Jenista huandika vibao. Zile herufi za buchani na saluni unazoziona Tunduma, nyingi ni za mkono wake, na zimenyooka kuliko tabia za baadhi ya wenye maduka hayo.

Lakini moyo wake haukuwa buchani. Baba yake alimwachia majalada ya santuri za roki ya Zambia ya miaka ya sabini, yenye rangi za kuumiza macho na herufi zilizovimba na kujiviringisha. Jenista aliyachora upya tangu yuko shule ya msingi, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwagiza kitu kama hicho.

Basi mwaka jana Efraimu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaandaa tamasha la roki. Akamwagiza mabango ishirini ya kuchora kwa mkono, yabandikwe huku kwetu kandokando ya barabara kuu. Jenista akamwaga yote aliyokuwa nayo kifuani. Mwanamke nywele zake zinageuka moshi, gitaa linaota matunda ya kahawa, na maneno yamepinda hata hujui kichwa wala mkia.

Efraimu alipoyaona ukutani, siku sita kabla ya tamasha, alishika kiuno.

"Awe," alikataa kwa Kibemba chake, kile cha kuweka "ba" ya heshima mbele ya jina. "Ba Jenista, hili ni tangazo au mtihani? Nimesimama dakika tano, hata tarehe sijaiona."

"Umesimama dakika tano, ba Efraimu. Kibao gani cha buchani kimewahi kukusimamisha hivyo?"

"Tangazo husomwa na mtu anayepita. Uwanja ukiwa mtupu Jumamosi, nitawaambia waandaaji wote wakuache na nyama zako."

Sitaficha, nilikuwa upande wa Efraimu. Nikamwambia, "Wifi, nyoosha hizo herufi, usijiharibie." Akabeba makopo yake ya rangi akaondoka.

Kumbe sote, wenyeji kabisa, tulisahau tunaishi wapi. Tunduma nani anapita mbio? Malori yanalala foleni ya mpakani siku mbili, tatu, mkia uko kule kata ya Mpemba, na madereva hawana la kufanya ila kunywa chai ninayouza.

Jumanne nikamwona dereva mmoja, Sebastian, kikombe mkononi, amepinda shingo mbele ya bango. Chai ilipoa. Mwisho akanigeukia na kusema, "Mama, hizi nywele ni maandishi. Imeandikwa Jumamosi."

Wenzake wakasogea. Mmoja akaipata Nakonde kwenye nyuzi za gitaa, mwingine akabisha, wakabishana hadi lori la mbele likasogea wakabaki wanapigiwa honi. Waliofuata walipouliza limeandikwa nini, walijibiwa wasome wenyewe. Kufikia Alhamisi watu walikuwa wanatoka Vwawa kuja kubahatisha, na aliyesoma saa ya kuanza kwenye jicho la yule mwanamke alitembea kifua mbele siku nzima. Utamaliza kulisoma halafu usiende? Nani angeweza?

Jumamosi uwanja ulijaa hadi ukutani. Madereva, akina mama wa sokoni, vijana wa Nanyala, na Wazambia wenyewe ambao walidhani wanajua kila kitu kuhusu roki. Gitaa la kwanza lilipolia, nilimtafuta wifi yangu nikamkuta amesimama peke yake nyuma, analia wazi, hafuti machozi.

Efraimu akaja anapenya katikati ya watu, jasho linamtoka. Alimwinamia na kumpigia makofi ya heshima, kama wanavyofanya kwao kwa wakubwa.

"Mabango ya mwakani, ba Jenista," akasema.

"Unataka yasomeke?"

"Awe. Herufi zipinde zaidi."

Jenista alicheka huku bado analia. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka, na sikuona haya hata kidogo.