Kuku wa Bupe

Wifi yangu Tumpe ni mbishi, na ninalisema hili nikiwa nampenda. Ukimwambia viazi vimeshuka bei hapa Uyole, atakubishia huku amekalia gunia ambalo halijapata mteja tangu asubuhi. Mimi Lusia, dada wa mumewe, nimegombana naye miaka kumi na minne, na bado chai ya kwake ndiyo ninayoitamani.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa mwaka jana. Mwanawe Bupe, wa miaka saba, alifariki kwa saratani ya ubongo. Alikuwa akiamka kichwa kinamuuma na kutapika, sisi tukamtibu malaria, kisha minyoo. Kwenye hospitali kubwa ya Dar es Salaam, daktari alimwambia Tumpe ukweli: kwa uvimbe wa aina ile dawa ya kuponya bado haijapatikana, wataalamu wanaendelea kutafiti. Sisi tulishika hilo la haijapatikana, tukalia. Tumpe alishika hilo la kutafiti.

Baada ya matanga akasema atachangisha pesa za utafiti. Nilikasirika, jamani. Paa la jiko linavuja, wadogo zake Bupe hawana sweta, yeye anataka kuwapelekea pesa watu wa maabara! Nilimwambia hivyo hivyo, tena mbele ya mama yangu, mkwewe. Akanimiminia chai.

Akaenda kwa wazee wa kanisa. Kwetu baada ya ibada ya mavuno tunanadi mazao, na mnunuzi akiguswa analipa, kisha anakirudisha alichonunua kinadiwe tena. Mkungu mmoja wa ndizi uliwahi kutujengea choo. Mzee Yotamu, mwenyekiti, alisita: mchango wa mgonjwa anaujua, wa utafiti hajawahi kuuona. Akamruhusu kunadi kitu kimoja tu, na watu wasipoitikia asirudi tena na jambo hilo.

Tumpe akaleta tetea mweusi. Bupe alimfuga tangu kifaranga, na kuku huyo alikuwa akilala chini ya kitanda cha mtoto.

Mzee Yotamu akamwinua yule kuku, akauliza jina la mgonjwa ili watu wamwombee, kama tulivyozoea.

"Hajaugua bado," Tumpe alisema. "Pengine hata hajazaliwa. Lakini siku mama yake akikaa mbele ya daktari, nataka aambiwe dawa ipo."

Watu wakaangalia viatu vyao. Nikamwona wifi yangu, mbishi yule, amemkazia macho kuku wa mwanawe, nikajikuta nimenyoosha mkono. Nikataja pesa yote ya mbolea niliyoifunga kwenye pindo la kanga. Kisha nikasema kuku arudi mnadani.

Akarudi mara kumi na tisa. Anjela, mwenye mimba ya miezi minane, alimnunua akamrudisha. Vijana wa bodaboda wakachangishana, nao wakamrudisha. Mwisho akamnunua Mzee Yotamu mwenyewe. Yeye hakumrudisha mnadani. Alishuka naye hadi kwenye benchi letu, akamweka mapajani mwa Tumpe.

"Mama Bupe, mtunze," alisema. "Mwakani tutamnadi tena."

Tumpe akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Kuku nilimbeba mimi njia nzima, na njia nzima alinibishia kwamba sijui kumshika.