Merle Charley Alivyogawa Gayogayo Wasio Wake

Merle Charley hana ubaya. Hilo tuliweke sawa kabla sijaanza kumsema, maana mkewe Idelle husoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye maboksi ya chambo. Merle ana miaka sitini na nane na boti ya futi arobaini na mbili iitwayo Dorothy. Dorothy ni jina la mama mkwe wake, aliyeapa kwamba binti yake hataolewa na mvuvi hata bahari ikauke. Merle akaliandika jina hilo ubavuni mwa boti kwa herufi zinazoonekana mpaka Kanada, akaipitisha mbele ya nyumba ya bibi yule siku tatu mfululizo, anapiga honi. Siku ya nne akapewa mke, ili watu walale.

Ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuzidiwa kutoa. Ukimpa kikombe atakupa birika. Ukimsifia koti atalivua, na mara moja alilivua lenye funguo za gari mfukoni, mgeni akaenda nalo mwendo wa saa tano kusini. Idelle ameshanunua tena blanketi lake mwenyewe mara mbili. Hapa Ghuba ya Hasira tunamcheka, lakini tunamcheka kwa kiasi, kwa sababu kila nyumba ina kitu cha Merle ndani yake.

Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemtuma kwenda kutugawia samaki kwa miaka ishirini na miwili. Mtashangaa, lakini alikuwa na kipaji. Kila Januari tume ya nchi mbili hukaa na kusema mwaka huu bahari itoe gayogayo kiasi gani. Sisemi gayogayo yule wa kuingia kikaangoni mzima mzima. Wa kwetu hufikia ukubwa wa mlango, na ukimpandisha botini akiwa hai anaweza kukuvunja mguu. Kikomo kikishapangwa, hukatwa fungu la makabila ya wenyeji wa pwani hii, sisi tukiwamo, kwa mkataba waliousaini babu zetu. Halafu Februari makabila yenyewe hukutana kugawana fungu lao, na hapo ndipo ngumi hutaka kuruka, maana wote ni ndugu. Merle alikuwa akienda na kurudi na mgao mzuri. Siri yake ilikuwa kuongea mpaka wenzake wakubali ili wakale.

Yaliyomkuta yalianza Oktoba, kwenye karamu ya kumpa mjukuu wake jina.

Karamu ilifana. Mtoto alipewa jina la bibi mzaa bibi yake, lililokuwa limelala miaka arobaini. Kwetu jambo kama hilo halisemwi hivi hivi. Msemaji wa mwenyeji huita mashahidi wanne, kila mmoja hutiwa sarafu mkononi, na kuanzia hapo kukumbuka ni kazi yake. Mashahidi wale wanne walikuwa watu wazima kutoka Mto Mweusi, majirani zetu wa kusini, wamekuja pamoja na mjumbe wao, Rowena Underhill. Rowena ni mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na ulimi unaoweza kupara magamba.

Merle na Idelle waligawa blanketi, taulo, vikombe, mifuko ya unga, hadi sahani tulizolia. Ukumbi ukabaki mtupu. Hapo ndipo Rowena akasimama kushukuru. Akashukuru kwa kutoa zawadi zake: mapipa sita ya samoni wa moshi na mablanketi ishirini na manne yaliyofumwa kwa mkono, kila moja na kasha lake.

Nilimwona Merle akigeuka rangi. Akatazama kulia, hakuna kitu. Akatazama kushoto, kuna Idelle, na Idelle alikuwa ameshakamata mkoba wake kwa mikono miwili. Merle akasimama.

"Dada Rowena," alisema, "mwaka huu dhoruba ziliwafungia bandarini. Mwakani haitakuwa hivyo. Ile Siku ya Kukomba ya kwetu, pauni elfu kumi za mwisho za gayogayo, ni zenu. Msemaji, ita mashahidi."

Wakaitwa wale wale wanne. Wakapewa sarafu tena. Watu wa Mto Mweusi wakapiga ngoma. Sisi tukapiga makofi pia, kwa sababu tulikuwa tumeshiba, na akili ya mtu aliyeshiba hutangulia kulala.

Asubuhi yake tukaamka. Siku ya Kukomba ndiyo siku ya mwisho ya msimu wetu. Boti kubwa zikishakula sehemu yao, zile pauni zinazobaki hufunguliwa kwa siku moja, na hakuna boti inayoruhusiwa kuteremsha zaidi ya mia tano. Hiyo ndiyo siku ya boti ndogo, zile zisizoweza kukaa nje siku tatu na mishipi yenye ndoana elfu. Wenye boti ndogo hapa ni ishirini, na mkali wao ni Darlene Bright, mjane mwenye boti ya futi ishirini na mbili na viganja kama makoleo.

Januari tume ikatangaza kikomo. Kimeshuka. Kamati yetu ya uvuvi ikakutana wiki hiyo hiyo, na Darlene hakungoja sala ya kufungua.

"Binamu Merle, nikuulize. Ile Siku ya Kukomba, ulipoitoa, uliitoa mfuko gani wa suruali?"

"Niliitoa kwa niaba ya watu wa—"

"Niaba ya nani? Niaba yangu nilikuwa nayo nyumbani, nimeikalia!"

"Darlene, ile ilikuwa karamu. Mtu husema nyumba yangu ni nyumba yako. Hutegemei mgeni arudi na godoro."

"Lakini hukumpa mtu sarafu akumbuke godoro!"

Watu wakacheka. Darlene hakucheka. "Mimi mwaka jana siku hiyo moja ndiyo iliyonipitisha mpaka msimu wa kaa uanze. Nikiikosa nauza boti. Nikishauza boti, mimi ni nani? Mama mwenye buti."

Hapo hakucheka mtu. Mwenyekiti akapigisha kura: Merle aende kwenye mgao, arudi na Siku ya Kukomba, na Darlene aende naye. Akirudi bila siku hiyo, kiti cha ujumbe akiache.

"Basi rahisi," alisema mmoja wa manahodha. "Akane. Aseme mashahidi hawakusikia vizuri."

Idelle alikuwa pembeni anafuma soksi. Hakunyanyua macho.

"Mashahidi ni wanne," alisema. "Wanne hao hao ndio walioshika jina la mjukuu wetu. Wakiwa wamesikia vibaya samaki, na jina wamesikia vibaya. Mnataka mtoto arudi kuitwa 'we, njoo hapa'?"

Hilo hakuna aliyelitaka, hata Darlene.

Kwa hiyo Februari tukaenda tukiwa hatuna hoja hata moja, Merle, Idelle na Darlene, na mimi wa kuandika kumbukumbu. Mkutano ulikuwa kwenye hoteli yenye zulia la kuumiza macho na kahawa ya kuumiza mengine. Bwana wa serikali alikuwepo na kompyuta yake, kijana mpole aliyeletwa kujibu maswali ya takwimu. Rowena alikuwepo na mashahidi wote wanne, amewaleta kwa basi dogo, wamevaa nguo za heshima, kila mmoja na sarafu zake ndani ya bahasha.

"Binamu Merle," Rowena alisema, "umenenepa."

"Nimebeba mawazo."

"Yateremshe basi. Tuanze na elfu kumi zetu."

Mashahidi wakasimama mmoja mmoja. Sijawahi kusikia kitu kimekumbukwa vile. Walisema maneno ya Merle, mpangilio wake, alivyokohoa kabla ya neno 'kumi', na wa nne, mzee mmoja mwenye sauti ya mhubiri, akaongeza kwamba wakati huo Merle alikuwa na mchuzi kwenye kola.

"Upande gani?" Darlene aliuliza, kwa kukata tamaa tu.

"Kushoto. Wa chaza."

Merle akainamisha kichwa. "Nilisema. Yote kweli."

Mambo yangeishia hapo tungepoteza siku yetu kwa heshima. Lakini Rowena naye ana ugonjwa wake: akishinda hawezi kunyamaza. Akavaa miwani, akamtazama Merle kwa huruma kubwa, na kumwambia mbele ya makabila yote:

"Binamu, kama yamekushinda, sema. Tutaelewa. Si kila mtu ana uwezo wa kutoa."

Idelle akaacha kufuma. Darlene akashika mkanda wa suruali ya Merle, lakini boti ilikuwa imeshakata kamba. Merle alikuwa wima.

"Elfu kumi ni haba!" alinguruma. "Nimeona haya tangu Oktoba. Dada yangu, chukueni kumi na tano. Mashahidi!"

Darlene alitoa sauti ambayo sijui niiandikeje. Kama pampu ya boti ikivuta hewa.

Lakini mimi nilikuwa nikimwangalia Rowena, na Rowena hakufurahi. Alivua miwani. Unajua, kwetu zawadi iliyopokelewa mbele ya mashahidi hailali. Aliyepokea lazima naye aandae karamu yake na kurudisha kwa kuzidisha. Kwa elfu kumi, mapipa yake sita na mablanketi yale yangehesabika kuwa marudisho. Kwa kumi na tano angelazimika kulisha vijiji vitatu, na paa la ukumbi wa Mto Mweusi liliondoka na dhoruba ya Novemba. Hata mahali pa kuwakalisha watu hakuwa napo.

"Binamu," alisema taratibu, "kumi zinatosha."

"Unakataa zawadi yangu? Mbele ya watu?"

"Sikatai. Nasema zinatosha. Hata tano zingetosha."

"Ishirini!"

"Merle, keti. Tatu."

"Ishirini na mbili!"

Bwana wa serikali akaninong'oneza. "Samahani. Huyu anayepandisha ni yule anayepokea?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni yule anayetoa."

Akaandika kitu, akakifuta, akafunga kompyuta.

Idelle peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Soksi ilikuwa imerudi mikononi. Ameishi na ugonjwa ule miaka arobaini na mitatu, anajua homa ikifika wapi hupasuka. Wakati Merle anafika ishirini na tano, samaki ambao hata sisi wenyewe hatukuwa nao wote, Rowena alipiga meza kwa kiganja.

"Basi! Nimepokea. Zote. Ahsante." Akasimama, akawageukia wale wanne. "Na sasa, mashahidi wangu, sikilizeni tena. Mimi Rowena Underhill namrudishia binamu yangu Merle zote alizonipa leo na alizonipa Oktoba. Na juu yake naongeza pauni elfu moja kutoka mgao wa Mto Mweusi, kwa ajili ya boti zake ndogo. Shikeni."

Akatembeza sarafu mwenyewe, mbio mbio, kabla mtu hajapumua.

Ukumbi wote ukamgeukia Merle. Siku ya Kukomba ilikuwa imerudi mezani, nzima, na nyongeza juu. Alichotakiwa kufanya ni kukaa. Lakini amezidiwa, kwa pauni elfu moja, na anatazamwa. Nikaona shingo inavimba. Nikaona mdomo unafunguka. "Dada Rowena," akaanza, "mimi—"

Darlene akamkanyaga kwa buti la mpira, kisigino kizima.

"Mimi," Merle akasema, machozi yakimlengalenga, "mimi..." Akamtazama Darlene. Darlene hakuwa na hasira tena usoni, alikuwa na woga tu, woga wa mtu anayetazama boti yake ikivutwa na mkondo. Kisha Merle akafanya jambo ambalo hatujawahi kumwona akilifanya tangu tuzaliwe.

"Mimi nashukuru," alisema. Akaketi.

Bwana wa serikali akapiga makofi. Alikuwa peke yake, akaacha.

Njiani kurudi tulisimama kula mkate wa kukaanga, Merle akaukata vipande vidogo vidogo akavipanga. Darlene alimwambia, "Binamu, umetuokoa," naye akajibu, "Elfu moja, Darlene. Mbele ya mashahidi wanne," kama mtu anayeelezea ajali. Kamati ilimwachia kiti, kwa sharti kwamba Darlene awe anakaa ubavuni mwake kila mkutano, na buti.

Siku ya Kukomba iliangukia katikati ya Mei. Boti ndogo zilitoka alfajiri zote ishirini, na jioni Darlene aliingia na pauni mia nne tisini na nane, akiapa kwamba aliyemnyang'anya mbili ni shakwe. Alikuwa amelowa mpaka kwenye nyusi na alikuwa akiwatukana wote waliopo gatini kwa furaha.

Merle naye alikuwa ametoka, siyo na Dorothy, kwa sababu boti za ukubwa wake haziruhusiwi siku hiyo. Aliazima kiboti cha shemeji yake, akavua peke yake, umri ule, akarudi na mia tano kamili. Mgongo ulikuwa umempinda kama ndoana. Gatini kulikuwa na lori la Mto Mweusi likingoja. Merle ndiye aliyemwita Rowena, kwa simu, na hakumwambia mtu.

"Hawa si wa kijiji," alimwambia, akimwonyesha gayogayo waliopangwa kwenye barafu. "Ni wa mikono yangu. Wapelekee wanaojenga paa."

Rowena aliwatazama samaki. Akamtazama Merle, aliyekuwa ameshindwa kunyooka.

"Unajua, wewe mzee, kwamba sasa na mimi itabidi nirudishe?"

"Najua," alisema Merle.

Akaenda nyumbani, akaomba chakula, na Idelle anasema alikula sahani tatu, mara ya kwanza kushiba tangu Februari.