Tulizima stima nyumba nzima, feni ya marehemu ikaendelea kuzunguka

Wakuu, salaam aleikum. Mlio kazini, mlio vitandani, na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona.

Haya yalitokea nyumbani kwetu, mbele ya mato yangu haya mawili. Sikuhadithiwa na jirani. Asiyeamini apite, mimi sili kwa kuaminiwa.

Kwa ufupi ni kwamba karibu nimzike mama mkwe wangu kwa sababu ya mfereji wa kutawadhia. Sasa kaeni niwaeleze vizuri.

Mimi kwetu Majengo. Niliolewa Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa ya kizamani pale Ndia Kuu, kuta nene, ngazi za kiza, mlango ambao lazima uubembeleze ndipo ufunguke. Tunaishi watu watatu tu: mimi, bwana wangu anayefanya kazi bandarini kwa zamu, na mamake.

Mama mkwe ni mtu mwema, nisije nikapata dhambi. Lakini mbishi! Ukimwambia jua limechomoza atakuuliza nani kakwambia.

Baba mkwe sikumkuta, alifariki kabla sijaolewa. Chumba chake kiko juu, upande wa njiani, na kimewachwa vilevile alivyokiwacha. Kitanda, kofia kwenye msumari, na feni ya dari inayozunguka polepole usiku na mchana. Mama hataki izimwe. Mzee alikufa akilalamika joto, na mama amejitilia moyoni kwamba akiizima feni ile atakuwa amemnyima hewa.

Nilipouliza nikaambiwa "hiyo wachana nayo". Nikawachana nayo. Bibi harusi mgeni ataanzia wapi?

Jambo jingine mlijue. Nyumba yetu vyumba havitajwi kwa kazi yake, vinatajwa kwa watu. Chumba cha Mzee, kwa Bi Mkubwa, kwa Salma. Salma huyo ni wifi yangu, aliolewa Malindi zamani, na chumba chake sasa ndo jikoni. Lakini bado utamsikia mama, "Hebu nenda kwa Salma ukautazame wali."

Basi na boksi la swichi za stima pale chini mlangoni ni hivyohivyo. Baba mkwe alibandika tepu nyeupe chini ya kila swichi akaandika kwa mkono wake: Salma. Bi Mkubwa. Mzee. Moja imeandikwa Shangazi, na wallahi hakuna aliye hai anayejua ni shangazi yupi wala alikuwa akilala wapi.

Mimi nilikuwa nikicheka. Nilimwambia bwana wangu hili si boksi la stima, hii ni picha ya ukoo. Hakucheka.

Sasa tuje kwenye maji.

Juu, karibu na chumba cha Mzee, kuna mfereji wa chuma, koki ya maji, ambao mama anatawadhia. Siku moja akatoka akijipangusa mikono, akaniambia, "Mwanangu, maji yaniuma leo."

Nikamwambia labda ni uzee, mishipa. (Mdomo wangu huu.)

Kesho yake nikaenda mwenyewe kujaza ndoo, na mara tu niliposhika mfereji nikahisi kitu kimenitambalia kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko. Si maumivu hasa. Ni kama mtu amekugusa kwa siri halafu akajificha. Nikageuka kabisa kutazama nyuma.

Mama akasema maji yale yana wenyewe. Akaanza kufukiza ubani pale kila Alhamisi. Mimi nikaanza kuvaa champali za mpira miguuni kila nikienda huko, na sikumwambia mtu kwa nini.

Halafu ikaja siku ya feni.

Stima zilipotea mtaa mzima baada ya adhuhuri. Wa Mji wa Kale mwajua kimya kinavyoingia. Friji la duka la chini likanyamaza, redio ya jirani ikanyamaza, cherehani ya fundi wa kanzu ng'ambo ya njia ikanyamaza. Nikapanda juu kuanua nguo. Nikapita mlango wa chumba cha Mzee.

Feni inazunguka.

Nikabonyeza taa ya kwenye ngazi, hakuna kitu. Nikaenda chumbani kwangu, nikabonyeza, hakuna. Nikarudi. Pazia lapepea, kofia kwenye msumari yatikisika kidogokidogo, na nyumba yote ni jasho isipokuwa mle ndani. Wakuu, mimi ni mtoto wa Majengo, sijui kuogopa ovyo, lakini zile ngazi nilizishuka kwa makalio.

Mama alikuwa chini akichambua mchele. Hakunitazama hata.

"Yazunguka?"

"Yazunguka, mama."

"Tangu mwaka jana. Stima zikipotea, yeye hapotei." Akaendelea na mchele wake.

Nililia usiku ule, siwafichi. Nilimwambia bwana wangu tuhame. Akaniambia mamake hawezi kumwacha Mzee, nami nisilete maneno.

Masika yakaingia. Kuta zile za mawe zikavuta maji, chokaa ikawa inabambuka. Maji yakazidi kuuma. Mama naye akazidi ubishi, eti akihama mfereji atakuwa amewakimbia hao wenye maji.

Alasiri moja nikasikia birika la bati limeanguka juu. Nikaita, "Mama!" Kimya. Nikapanda mbio.

Nilimkuta amepiga magoti, mkono umeng'ang'ania mfereji, meno yamebana, mato yanatazama ukuta. Hasemi. Mwili mzima unamtetema, na maji yanamwagika tu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumshika. Sijui ni Mungu au ni vile nilivyokuwa nimeuogopa ule mfereji kwa wiki nyingi, nikaurudisha mkono. Nilikuwa na leso kavu begani. Nikamzungushia kifuani kwa nyuma, nikavuta kwa nguvu zote, tukaanguka wote wawili sakafuni.

Alikuwa hapumui. Nikampiga mgongoni, nikamwita, nikamtukana hata, Mungu anisamehe. Ndipo akavuta pumzi. Sauti ile ya pumzi sitaisahau.

Hospitali wakatuambia ni shoti ya stima, moyo umeyumba, na safari nyingine huenda asirudi.

Na unajua mama alisema nini tuliporudi? "Si stima. Ni yeye aniita." Na kesho yake alfajiri nikamsikia anajikokota kwenda kwenye mfereji uleule! Nikamzuia mlangoni. Tukagombana vibaya sana, maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe. Nikamwambia, "Kama ni yeye anakuita basi mimi simpi mtu, atanikuta hapa mlangoni." Akakaa chini akanitazama tu.

Asubuhi nikampigia simu Fundi Kazungu, mtu wa Kilifi mwenye leseni yake. Akaja, akamwamkia mama kwa adabu, akafungua lile boksi. Akasoma zile tepu, akaniuliza, "Dada, Shangazi ndiye nani?"

"Fundi, ukimjua nijulishe na mimi."

Akazima swichi ya Mzee. Tukapanda juu. Feni inazunguka.

Akashuka, akazima meni swichi, ile ya nyumba nzima. Nikahakikisha mwenyewe: taa hakuna, friji hakuna. Tukapanda. Feni inazunguka.

Kazungu akatoa testa yake ya kupimia stima, akagusa waya wa feni. Kitaa cha testa kikawaka. Akagusa mfereji. Kikawaka, hafifu.

"Dada, nyumba yenu haina stima hata tone," akasema polepole. "Hii si ya kwenu."

Mama alikuwa mlangoni na chetezo mkononi. Nilihisi nywele zinanisimama mpaka kwenye mikono.

Fundi akarudi kwenye boksi, akafungua mfuniko wote. Nyuma ya ile swichi iliyoandikwa Mzee hapakuwa na waya hata mmoja. Ilikuwa swichi tupu yenye jina la mtu. Akasema, "Lebo hizi zaniambia nani alilala wapi. Haziniambii waya watoka wapi wala waenda wapi."

Akaufuata waya wa feni darini. Ukatembea, ukashuka pembeni, ukajikunja kando ya bomba la mfereji, vyote viwili vikaingia kwenye ukuta wa upande wa njiani.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Wikio," akasema mama.

Kwa wasiojua, wikio ni chumba kinachopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili za ndugu, ili akina mama watembeleane bila kushuka barabarani. Nyumba ya ng'ambo ilikuwa ya ndugu yake Mzee. Ndugu alipofariki wanawe wakaiuza, mlango wa wikio ukazibwa kwa mawe, na sasa ni gesti ya wageni. Mlango ulipozibwa, sote tukachukulia kwamba kila kilichopita pale kimekatika. Watu wa nyumbani ndo tulivyo, tukizibiana mlango tumemaliza.

Kazungu akaenda gesti, mimi nikabaki juu chumbani kwa Mzee na simu sikioni, naye akazungumza na msimamizi, bwana mmoja mpole tu. Boksi lao, akaniambia, ni jipya, zuri, kila swichi ina jina. Isipokuwa moja ya zamani pembeni, haina lebo.

Nilimsikia msimamizi kwenye simu akisema, "Hiyo tuliikuta. Tukiizima hakuna chetu kinachozimika, tukaona tuiwache ikiwaka, isije ikawa ya kitu muhimu."

Na juu ya paa wana sola na betri, wamefunga mwaka jana. Ndiyo maana stima za mtaa zikipotea, kwa Mzee hazikupotea.

"Dada, naizima," Kazungu akasema.

Nikainua kichwa. Feni ikazunguka, ikazunguka, ikachoka. Nikaanza kuona mapanga yake moja moja, yana vumbi nene. Ikasimama.

Mama akaingia, akaweka chetezo chini, akakaa kitandani kwa Mzee. Akaitazama feni muda mrefu.

"Sasa ndo kafa," akasema.

Akalia, wakuu. Alilia kilio cha mtu aliyeletewa habari asubuhi ile ile. Nami nilikuwa nimejiandaa kumwambia "si nilikwambia", nikayameza yote. Nikakaa naye, nikamshika mkono.

Basi. Fundi alikuta ule waya uliotoka ng'ambo kupitia wikio umeliwa ndani ya ukuta na chumvi na unyevu, umelalia bomba la chuma, na ndiyo maana mvua ilipozidi maji yalizidi kuuma. Ukakatwa pande zote mbili. Bomba likawekwa la plastiki, nyumba ikawekewa waya wa ardhi na swichi inayojizima yenyewe stima ikivuja. Na lebo mpya: chumba gani, inawasha nini, inatoka wapi. Jikoni pameandikwa Jikoni. Mama aliomba ya Mzee ibaki, nikakataa. Nilikataa kwa heshima lakini nilikataa.

Nilichojifunza ni hiki. Lebo ya stima si ya kukumbuka watu. Ni ya yule fundi asiyekujua, anayetaka kuweka mkono wake pale. Na ukikuta swichi isiyo na jina usiiwache tu kwa heshima, itafutie mwenyewe wake. Na nyumba ikigawanywa au ikiuzwa, mgawane na nyaya pia. Na kabla ya kugusa, pima, hata kama swichi imezimwa na tepu imeandikwa na baba yako mzazi.

Mama yuko hai. Anatawadha palepale, ila bado hugusa mfereji kwanza kwa kidole kimoja, na mara nyingine namwona anasubiri kidogo, kama hajui anasubiri nini.

Walio na nyumba za zamani, na nyinyi mafundi mliomo humu, semeni yenu, nitawajibu wote, hata wa kunitukana. Ila kwanza nendeni mkazime meni swichi zenu, mchana huu huu, mzunguke chumba kwa chumba. Kitakachobaki kinafanya kazi msikiguse. Njoni hapa mniambie ni kitu gani.