Taa Chini ya Kidevu

Mvua ilikuwa inanyesha Tukuyu tangu Jumapili, lakini Ezron alitoka na kitambaa, akafuta kioo cha mbele cha studio yake mpaka kikang'aa. Nyuma ya kioo hicho alikuwa ametundika uso wa Atuganile.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila aliyeweza akaweka duka. Filamu za kamera zilivuka mpaka wa Tunduma zimefichwa ndani ya marobota ya mitumba. Ezron, aliyewahi kuwa karani wa ushirika, akawa mpiga picha wa kwanza mjini mwenye taa kubwa za umeme. Maharusi walimfuata kutoka Kisondela mpaka bondeni Kyela. Atuganile, binti wa kijiji cha Suma, naye alikwenda kupiga picha ya kumpa mchumba wake, Amoni. Ezron akamtongoza waziwazi. Atuganile akamcheka mbele ya wateja.

Ezron akageukia taa zake. Alizima taa ya juu, akaishusha ile nyingine mpaka karibu na sakafu, akaielekeza kidevuni mwa binti.

"Hii ndiyo staili ya Dar," alisema. "Usitabasamu. Angalia hapa."

Picha ilipotundikwa, wanawake waliokwenda sokoni walisimama na mizigo yao kichwani wakaitazama. Macho yalikuwa mashimo mawili meusi. Mashavu yamechongoka, na kivuli cha pua kimepanda mpaka kwenye paji la uso. "Kamera imeona tusichokiona," alisema mmoja, na neno hilo likafika Suma kabla ya Atuganile mwenyewe.

Mama yake Amoni, Jenifer, alikuja hadi mlangoni kwa kina Atuganile na hakukubali kiti. "Mama Atu, sisi na ninyi hatuna ugomvi," alisema. "Ila huyu binti, hapana." Amoni hakuja. Msimu ule wa kupalilia, hakuna mwanamke aliyekwenda kumsaidia Elina, mama yake Atuganile, kwenye migomba yake, ingawa yeye alikuwa amewapalilia wote. Kikombe cha chai alichomkaribishia jirani kilibaki kimejaa.

Atuganile alimwendea Ezron, akamwomba kwa upole aishushe ile picha.

"Picha ni mali ya studio," Ezron alimjibu bila kuinua macho. "Uso ndio wako."

Atuganile akapanda gari kwenda Mbeya. Alipata kazi ya kufagia na kupokea wateja katika studio ya Bi Hadijah, mjane aliyerithi kamera za mumewe. Alikuwa mtiifu, mkimya, na moyoni mwake alikuwa na jambo moja tu. Usingizi ulipokawia, alimwona Ezron analia.

Alasiri moja wateja walipoadimika, Bi Hadijah alifunga dirisha kwa blanketi, akaweka yai juu ya kitambaa cheusi, akampa taa yenye waya mrefu.

"Nifanye nini, mama?"

"Usiniulize mimi. Zunguka nayo, uone."

Atuganile akazunguka. Alipoinua taa, kivuli kilijikunyata chini ya yai. Alipoiteremsha, kikarefuka mpaka ukutani. Aliposogea karibu, kingo zake zikawa laini. Aliporudi nyuma, zikawa kali kama zimekatwa kwa wembe. Bi Hadijah akamletea shuka jeupe alitandaze mbele ya taa, na yai lile lile likalainika, likawa kama shavu la mtoto. Atuganile alijikuta anacheka. Akatoa shuka, akalirudisha, akalitoa tena.

"Sasa keti hapa," alisema Bi Hadijah, akamwekea kioo. "Taa shika mwenyewe."

Taa ilipokuwa juu kidogo, upande wa kulia, Atuganile alimwona msichana mzuri. Ilipokuwa utosini, aliona mtu aliyechoka. Akaishusha polepole kupita bega, kupita kifua, mpaka mapajani, na mle kiooni akatokea yule mwanamke wa dirisha la Tukuyu. Mashimo ya macho, kivuli cha pua, kila kitu.

Akasogeza uso karibu na kioo. Muda wote ule alikuwa akijiuliza kimoyomoyo kama kweli kuna kitu usoni mwake.

"Nani alikufanyia hivi?" Bi Hadijah aliuliza.

"Mtu aliyejua anachokifanya," alisema Atuganile.

Alirudi Tukuyu wakati wa uchaguzi wa vyama vingi. Alipanga chumba mtaa wa Makandana, akanunua kamera, taa na kioo kirefu. Siku ya soko aliwaita wanawake waingie bure: kila mmoja aketi, ashike taa, ajitazame. Wa kwanza alipiga kelele, wa pili akamwangukia mwenzake kwa kicheko. Jenifer naye aliingia kwa kutaka kujua, akashusha taa, akajiona mchawi. Aliinua taa, akaishusha tena, kisha akasema, "Kumbe."

Ezron alikuwa akigombea udiwani. Habari zilipomfikia, alikuja na wapambe wake.

"Mnadanganywa na kioo cha dukani," aliwaambia watu waliojazana mlangoni.

"Basi keti, kaka Ezron," alisema Atuganile. "Taa sishiki mimi. Atashika mama Jenifer."

Kukataa mbele ya wapiga kura asingeweza. Aliketi, akanyoosha shingo. Jenifer aliteremsha taa taratibu, na chumba kizima kikamwona mgombea wao akizama macho, akichongoka mashavu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ee, gwe, wewe!" na kicheko kikalipuka. Atuganile alikuwa amekwisha kubonyeza kamera.

Aliikuza picha ile kadiri karatasi ilivyoruhusu, akaitundika dirishani. Ezron alishindwa uchaguzi. Maharusi wakaacha kwenda kwake. Mwishowe akaja peke yake, kofia mkononi.

"Dada, nakuomba uitoe."

"Nirudishie wanawake waliokuwa wakipalilia na mama yangu."

"Hilo ntaliwezaje?"

"Ukishaliweza, uje."

Alimtazama akivuka barabara, akaona utamu uliompanda mpaka kooni. Hakuuonea haya.

Elina aliposhuka kutoka Suma na mkungu wa ndizi, alikuta watoto wakipita mbio mbele ya dirisha. Mkewe Ezron, Neema, alikuwa sokoni na maharagwe yake, watu wanamruka.

"Mwanangu," Elina alisema ndani, "yule mkewe amekukosea nini?"

Atuganile alimmiminia mama chai, akaketi mbele yake.

"Umekuwa mkali, Atu."

"Nimekuwa, mama."

Picha haikutoka. Ezron aliuza taa zake na kuhamia Kyela pamoja na familia, na siku walipopakia vyombo Atuganile alisimama mlangoni mpaka gari likakata kona. Elina alikuwa akimletea ndizi kila mvua ilipopungua, ila alipitia mlango wa uani, asione dirisha. Atuganile alipokea mkungu, akashukuru, "Ndaga, mama," akarudi kwa bibi harusi aliyekuwa anamsubiri kitini, akaiinua taa kidogo, upande wa kulia.