Kura ya Televisheni

Hadi leo, mtu akiniambia kuwa kugawana umeme kunajenga ujirani, damu inanichemka. Sisi tuligawana. Tulikuwa nyumba sita kwenye kilima cha mawe kinachotazama ziwa, upande wa juu wa Mkolani, ambako nguzo za umeme ziliishia bondeni zikatuacha tunatazama taa za wenzetu. Tukajiunga, tukaweka paneli za sola juu ya paa kubwa kuliko yote, la mwenyekiti wetu. Betri zikakaa kwenye stoo yake, na pembeni fundi akafunga kisanduku ambacho mwenyekiti hukiongoza kwa simu. Kisanduku kile kina akili. Betri zikipungua, kinakata kimoja kimoja, kikianza na kile mlichokubaliana kwamba si cha lazima.

Mlichokubaliana! Hapo ndipo sumu ilipokaa.

Mama yangu ni mjane, na ana mashine ya kutotolesha mayai. Ni sanduku la mbao tu, lenye balbu na feni ndogo. Wanawake wa kilimani humletea mayai ya kuku wao wa kienyeji, kila mmoja ameyatia alama yake kwa penseli, na siku ya kuanguliwa huja na vikapu wakipiga soga. Kwa mashine ile mama anaitwa kwenye harusi na misiba kama mtu mwenye nafasi yake. Kabla ya hapo alikuwa mjane wa kuhurumiwa, na huruma ya majirani naijua ladha yake.

Mvua zikaja, mawingu yakalala juu ya ziwa wiki nzima, betri zikawa hazijai. Mwenyekiti akaitisha kikao cha wakuu wa kaya. Wakuu wa kaya maana yake wanaume watano na mama. Mimi na wake zao tulikuwa nyuma ya ukuta tunamenya ndizi, dirisha wazi, tunasikia kila neno.

Taa, lazima. Kuchaji simu, lazima. Sikuwa na neno. Ikafika televisheni. Mmoja akasema televisheni ni taarifa ya habari, na raia hawezi kuishi gizani bila habari. Habari gani! Kilima kizima kilijua kuna mechi Jumamosi. Mikono mitano ikapanda.

Mama akasema, "Wanangu, mayai yangu yako wiki ya mwisho. Vifaranga vimeshakamilika ndani. Mashine ikipoa usiku kucha, vinakufa."

Wakacheka. Kweli, walicheka.

"Mama, hiyo ni biashara yako binafsi," mwenyekiti akasema, kwa sauti laini kabisa. "Umeme wa wote hatuwezi kuutumia kulalia mayai."

Nilitaka kuinuka niingie kikaoni. Mke wa mwenyekiti akanishika gauni, akanikalisha. Mayai yake yalikuwa humo ndani ya mashine, na ya wenzake wote waliokaa pale na visu mkononi, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu mke haingilii kikao cha wakuu wa kaya. Waume zao hawakujua, na mama hakuwa mtu wa kuwataja wake za watu kikaoni. Kuku ni mambo ya wanawake, nani aliwahi kuuliza mayai yanaenda wapi? Wengi wape, wakasema, wakafunga kikao. Methali hiyo nimeichukia tangu siku ile.

Jumamosi mvua haikukatika tangu asubuhi. Jioni kisanduku kikafanya kilichoagizwa. Mama aliifunika mashine kwa mablanketi yetu yote, akakaa kando yake, huku kelele za goli zikitufikia kutoka nyumba ya juu, kwa mwenyekiti.

Asubuhi alivunja yai moja. Kifaranga kilikuwa na manyoya yake, kimelowa, mdomo umejificha chini ya bawa. Akavunja la pili. Nikamwomba aache. Nililia kwa hasira, na wala sioni aibu kusema hivyo.

Mama hakulia. Aliyapanga mayai yaliyobaki kwa alama zake, akayatia kwenye sinia, akapita nyumba kwa nyumba akimrudishia kila mtu ya kwake, nami nyuma yake. Mwisho tukafika kwa mwenyekiti. Alifungua mlango mwenyewe, bado amevaa fulana ya timu yake.

"Haya ni ya mkeo," mama akamwambia.

Akayatazama mayai, akageuka kumtazama mkewe aliyesimama nyuma yake, akarudi kwenye mayai. Nilimwona akielewa. Nikangoja neno moja tu la maana.

"Pole sana, Mama," akasema. "Lakini siku nyingine uwe unatuambia mapema."

Mama akamkabidhi sinia.

"Marahaba," akamjibu, ingawa hakuna aliyekuwa amemwamkia.