Kompyuta Isiyofungwa Kifuniko

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na minne anapita polepole kwenye korido ya chuo cha ukunga. Amebeba kompyuta mpakato iliyo wazi, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa chai. Waya wa chaja ameuzungusha shingoni.

Mzee wa usafi anamwona kwa mbali. Anaegemeza ufagio ukutani, anakimbilia mlango na kuushikilia kwa mgongo ili usimgonge.

"Leo umeibeba kama kichanga, Mama Vidole!"

"Kichanga akilala tunashukuru, baba. Huyu akilala tumekwisha."

Chuo kizima humwita Mama Vidole. Kazi yake ni kuandika papo hapo kila neno la walimu, ili mwanafunzi asiyesikia alisome kwenye skrini. Mwanafunzi wake ni binti wa miaka ishirini na mitatu. Homa kali ilimwondolea usikivu akiwa na miaka kumi. Kuongea anaongea vizuri, ila sauti za wengine hazimfikii.

Leo binti ana mtihani wa mwisho, tena wa mdomo. Watahini watatu watauliza, Mama Vidole ataandika, binti atasoma na kujibu. Kila swali lina dakika mbili. Maneno yakichelewa kwenye skrini, itaonekana binti hajui.

Na kwa wiki tano sasa, maneno yamekuwa yakichelewa.

Yalianza Jumatatu moja, baada ya kompyuta kujisasisha, ikajizima na kujiwasha yenyewe. Mama Vidole hakulitilia maanani. Alianza kuchapa zama za taipureta, na bado huandika maneno themanini kwa dakika. Alipoona herufi zinasuasua, hakuishuku mashine. Alijishuku mwenyewe.

"Nilisema, basi, vidole vimezeeka," anasimulia huku akiviangalia. "Miaka thelathini navitumikisha. Hata punda hustaafu."

Hakumwambia mtu. Kila asubuhi aliloweka mikono katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alimwona. Siku ya tatu Mama Vidole alipoamka, alikuta maji yameshapashwa moto na taulo limekunjwa kando.

Aliandika hata barua kwa mkuu wa chuo, akiomba kuacha kazi na atafutwe mchapaji kijana. Barua ikakaa mkobani, maana kila alipotaka kuitoa moyo ulimkataza.

Aliyeugundua ukweli ni binti. Siku moja kipindi kilipoisha, alimshika mkono.

"Mama, mbona siku hizi huna raha?"

"Nimechoka, mwanangu. Vidole havinitii."

"Vidole vikichoka hukosea," binti akamwambia, baada ya kumsoma midomo. "Maneno yako hayakosei. Yanakwama, halafu yanakuja kwa mkupuo, kama watoto waliosikia kengele. Mimi huitazama mikono yako kila siku. Mikono inafika mapema. Mashine ndiyo inayochelewa."

Wakaenda pamoja kwa fundi wa kompyuta, chumba kidogo nyuma ya duka la vifaa vya shule. Wateja humwita Fundi Sikio, kwa sababu kabla ya kushika bisibisi huinama na kuisikiliza mashine kama daktari.

"Feni imenyamaza mno," akasema. "Mashine inayofanya kazi huhema. Hii inajifanya."

Akawaeleza taratibu, akimgeukia binti ili aone midomo yake. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hupunguza kasi ili kuokoa chaji, na kazi ikija hupaswa kuongeza mwendo. Tangu ijisasishe, kompyuta hii ikishalala, haiamki sawasawa. Skrini inaandika nguvu kamili, lakini prosesa imebaki kwenye hali ya kuokoa chaji.

"Ni mlinzi aliyevaa sare na kushika tochi," akamalizia, "lakini anakoroma."

"Nilikumbuka maji yangu ya chumvi," asema Mama Vidole, "nikacheka mpaka nikalia. Kumbe nilikuwa navisingizia vidole vya watu!"

Fundi aliihangaikia siku tatu. Kuizima na kuiwasha upya husaidia, ila mara nyingine hadi mara nne ndipo ikubali. Dawa kamili itatoka kwa watengenezaji, ambao wameahidi sasisho jingine. Mtihani hauwezi kuwasubiri.

"Ikishaamka vizuri, usifunge kifuniko," alimwagiza. "Ukifunga, inalala."

Ndiyo maana asubuhi hii ameibeba kama sinia la chai. Leo imekubali mara ya tatu, kwenye chumba cha walimu, na Mama Vidole hajathubutu kuifunga.

Ndani ya chumba cha mtihani anaandika neno moja la kujaribia: Unanisoma?

"Nakusoma, mama," binti anajibu.

Maswali yanaanza. Mtahini wa kwanza anaongea haraka, na maneno yake yanatiririka kwenye skrini bila kusita. Swali la sita, betri inaonyesha asilimia tisa. Soketi ni moja tu, nayo ina feni ya mezani. Mtahini mkali kuliko wote anainuka, anachomoa feni, anachomeka chaja mwenyewe, kisha anarudi kukaa na joto lake.

"Tuendelee," anasema, akijifuta jasho.

Swali la kumi, la mwisho, linajibiwa dakika moja kabla ya muda.

Wiki tatu baadaye matokeo yanatoka. Binti amefaulu, na mwezi ujao anaanza kazi wodi ya wazazi. Chuo nacho kimepokea wanafunzi wengine watatu wasiosikia.

Mama Vidole bado ana ile barua ya kuacha kazi, ila sasa upande wa nyuma umejaa mwandiko: wachapaji wanne wa kufundishwa, asubuhi mbili kwa wiki, chumba kilicho kando ya maktaba. Mkuu wa chuo ameshatoa ufunguo.

"Sitaki siku nikiugua, mtoto wa mtu akose somo," asema. "Na somo la kwanza nitawaambia, kabla hujajilaumu, sikiliza feni."

Sasisho lililoahidiwa liliwasili juzi. Binti amekuja kuaga, na Mama Vidole anamwomba akae kidogo. Anafunga kifuniko kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, anahesabu hadi ishirini, anafungua. Feni inahema. Anaandika: Unanisoma?

"Nakusoma," anajibu binti, kabla kidole hakijainuka kwenye alama ya kuuliza.