Printa ya Mwenye Ploti

Mama alipofariki huko Kitui, mimi nilikuwa fundi wa kushona Kawangware na nilikuwa nikilala Kambi Muru, huko Kibera, kwa dada yangu. Simu yangu ilikuwa imenyakuliwa mkononi miezi michache kabla, lakini picha ya mama nilikuwa nimeihamishia kwenye flashi mapema. Ilikuwa picha moja tu ya maana. Mama hakupenda kupigwa picha, na ile ya kitambulisho ilimwonyesha mweusi tii, kama mtu aliyesimama mlangoni na jua nyuma yake. Katika hii yangu alikuwa anachambua maharagwe, ameinua uso, yuko karibu kunigombeza.

Ndani ya flashi hiyo niliweka pia ratiba ya mazishi na wasifu wake, niliouandika kwenye kompyuta ya jirani bila kuacha nakala humo. Dada aliniambia nichapishe kabla ya kusafiri. Nikaenda saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, iliyokuwa karibu na kibanda chetu cha kushona, upande wa kuelekea mtaa wa Kongo. Ilikuwa ya mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga, mzee aliyegeuza chumba kimoja cha mbele kuwa biashara. Msichana aliyemfanyia kazi humo alikuwa rafiki yangu, tukinunua chapati kwa mama mmoja.

"Usiguse hiyo printa ukiwa bila viatu," aliniambia. "Inatekenya na umeme."

Kila mtu pale alijua inatekenya. Watu waliigusa kwa ncha ya kidole, wakaruka, wakacheka. Mzee aliambiwa mara nyingi, na kila mara alijibu kwamba mashine nzuri lazima iwe na nguvu.

Nilichomeka flashi, nikafungua picha, mama akajaa kwenye skrini. Msichana akachomeka waya wa printa upande wa pili na kuiwasha. Tukasikia mlio mdogo mkavu, kama mtu amevunja kijiti. Skrini ikazimika. Kukatoka harufu ya plastiki iliyoungua.

Mzee alikuwa nje akiongea na wapangaji. Aliingia akinusa.

"Nani amefanya hivi?"

Msichana aliinamia kibodi. Nilimwelewa, kazi ilikuwa ya mzee, na chumba alicholala kilikuwa cha mzee pia.

"Nilikuwa nataka kuchapisha, mzee," nikasema. "Ni ya mazishi ya mama yangu."

"Umeweka nini hapa?"

"Flashi tu."

Aliichomoa, akaiinua juu ili waliokuwa wamejazana mlangoni waione. "Mnaona? Hizi vitu mnaokota huko Kibera mnakuja kuniulia nazo mashine!"

Nilimwomba anirudishie. Nilimwambia iko na picha ya marehemu, na sina nyingine. Nilisema hivyo nikidhani nitamlainisha. Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomwonyesha mahali pa kupiga. Aliiweka kwenye ngazi ya saruji, akachukua nyundo aliyotumia kugongea vitasa, akaiponda. Aligonga tena na tena, bila haraka, huku akinitazama mimi wala si anachogonga.

"Sasa haitaua ingine," alisema.

Mlangoni kuna mtu alicheka. Wengine wakasema pole, lakini kwa sauti ya chini. Niliokota vipande, nikavifunga kwenye kitambaa nilichotoka nacho kazini.

Dada hakunigombeza siku hiyo. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo tunamzika bila uso?" Kisha akageuka kuendelea kukunja nguo za safari.

Tulimzika hivyo. Tulitegemea kuandika na kuchapisha upya kule nyumbani, lakini hakukuwa na umeme siku ile, kwa hiyo hakukuwa na karatasi yoyote ya kumshikisha mchungaji. Alikuwa mgeni, ameazimwa kutoka kanisa jirani. Tulimnong'oneza mambo machache ya kusema, naye akayachanganya. Alimwita mama kwa jina la shangazi yetu, ambaye alikuwa amekaa mstari wa mbele, mzima kabisa. Shangazi aliguna. Watu wakatazama chini. Hakuna aliyemrekebisha, na udongo ukaanza kuingia.

Niliporudi Kawangware nikakutana na yule msichana kwa mama wa chapati. Hakunitazama usoni mwanzoni.

"Ile kompyuta ingine pia imekufa," aliniambia. "Tulihamisha printa huko. Ikapasuka vile vile. Fundi anakuja leo."

Nikaenda. Fundi wa kompyuta alikuwa amefungua mashine zote mbili, mzee amesimama nyuma yake. Nilingoja mlangoni mpaka fundi akanyanyuka.

"Mzee, ni printa," alisema. "Iko na umeme wake wa ukutani, na umeme huo unavuja. Hii soketi haina waya wa kuupeleka ardhini, kwa hivyo umepitia kwa waya wa kompyuta. Umechoma ubao wenyewe wa ndani."

"Na flashi?" nikauliza. "Flashi inaweza kufanya hivyo?"

Aligeuka kunitazama. "Flashi ya kawaida inakula umeme kidogo kutoka kwa kompyuta, haina wake. Ikiwa imepinda inaweza kuharibu pale inapoingia, na kuna zingine watu wametengeneza makusudi za kuua mashine. Lakini hapa, hapana. Hapa ni printa."

Nilifungua kitambaa. Alivigeuza vipande kwa kidole, akatoa kimoja cheusi kilichokatika katikati.

"Hapa ndipo picha hukaa," alisema. "Ingekuwa imevunjika huku kwa chuma cha kuchomekea tu, ningekutolea."

Nilimtazama mzee. Sijui nilitaka nini. Labda neno moja tu.

"Sasa unataka nifanye nini?" akasema. "Nimfufue mama yako? Toka mlangoni, unazuia wateja."

Hakukuwa na mteja hata mmoja.

Jioni hiyo, nikiwa kwenye cherehani, nilimwona mzee akipita na mwanamke mmoja wa mtaa wa Kongo aliyekuwa karibu kufungua saiba yake ndogo. Mwanamke alikuwa amebeba ile printa kifuani, mzee amemuuzia. Niliacha suruali ya mtu chini ya sindano, nikangoja mzee aagane naye, nikamfuata mwanamke mpaka chumbani kwake. Kompyuta yake ilikuwa moja, mpya, bado ina karatasi yake ya plastiki kwenye skrini.

"Mama, usiunganishe hiyo na kompyuta yako," nilimwambia. "Imeua mbili kwa huyo mzee. Fundi amesema."

Aliniangalia kichwa, kilichokuwa kimenyolewa kwa ajili ya matanga, na uso wake ukalegea kwa huruma.

"Ni wewe?" alisema. "Mzee aliniambia utakuja. Alisema umefiwa na mama, na tangu hapo unaona ubaya kwa kila kitu. Pole sana, mpenzi. Enda ukapumzike."

"Iguse basi ukiwa bila viatu. Utasikia."

"Nimekuambia pole."

Alipangusa kifuniko cha printa kwa ncha ya leso, akaisogeza karibu na kompyuta, akaanza kutafuta soketi ukutani. Nilibaki mlangoni mpaka akaniomba, kwa upole kabisa, nisogee nje ili afunge.